Sinia Linarudi Tupu na Mwanangu Hajala

Jumanne, baada ya Magharibi.

Joto limehamia Kariakoo na halina mpango wa kuondoka. Wingu lilikusanyika tangu asubuhi, likatutishia, likaenda zake. Nguo zimenigandia mwilini, na moyo nao hivyo hivyo.

Mnaonifuata hapa mmezoea nikiandika mapishi. Leo sina pishi la kujisifia, na mimi kukosa la kujisifia mnajua si jambo la kawaida.

Nasra wangu hali chakula.

Kwa mgeni wa ukurasa huu, Nasra ni kifungua mimba wangu. Mimi niliishia darasa la saba, yeye ana digrii. Ni mhasibu pale Posta, ghorofa ya juu, kwenye kiyoyozi, na kile kiti chake kinachozunguka nimeshakikalia mwenyewe nikazunguka. Tangu mdogo alikuwa mnene, unene wa kupendeza, na nilikuwa nawaambia watu huyo ndiye tangazo langu, mkitaka kujua napika vipi mtazameni. Halafu sukari ikaanza kupanda. Magoti yakawa yanamuuma, ngazi za hapa kwetu anazipanda kwa kupumzika katikati. Daktari akamwandikia ile sindano ya kupunguza mwili, ya kuchoma mara moja kwa wiki, inayokata hamu ya kula.

Ikamkubali. Sukari ikashuka, ngazi akawa anapanda huku anaongea na simu. Nikampiga picha na gauni lake la Idi, nikaweka status: "Kazi ya Mungu na mama yake." Sindano sikuitaja. Watu wakasifia, nami nikasifika.

Mwezi huu ndiyo mambo yamegeuka. Uso umebaki macho. Nywele zinatoka na kitana. Akinyanyuka anashika ukuta kwanza, ndipo anatembea. Wiki iliyopita Mama Zuhura, jirani yangu wa chini, alinivutia pembeni pale kwenye ngazi.

"Mwenzangu, mtoto umempima?"

"Kumpima nini?"

"Mimi sijasema kitu. Nauliza kama jirani."

Nikamwambia mwanangu anapungua kwa dawa ya daktari, na hata angekuwa na hicho anachokifikiria yeye, watu wanaishi nacho, wanaolewa na wanazaa. Akasema haya, yaishe. Nikapanda juu, nikakata vitunguu vingi kuliko nilivyohitaji, ili nikiulizwa machozi ya nini niwe na jibu.

Mimi ninachokijua ni jiko. Kwa hiyo nikaingia jikoni. Supu ya mbuzi yenye samli inaelea juu. Wali wa tui la kwanza, zito, lisilotiwa maji. Kuku wa kupaka. Biriani siku ya kazi, kama kuna mgeni wa kutoka Muscat. Akitapika, kesho yake naongeza samli, kwa sababu bibi yangu alinifundisha kwamba tumbo lililokauka hulainishwa.

Jumamosi akaanguka kwenye ngazi zile zile.

Baba yake alikuwa dukani kwake. Nilimbeba na vijana wa duka la chini mpaka kwenye bajaji, na mwili wenyewe ulivyokuwa mwepesi nilishtuka kuliko nilivyoshtuka alipoanguka. Hospitali wakamtundikia dripu. Daktari akasema maji yamemwishia mwilini, sindano ya wiki hii asichome mpaka amwone tena, na leo twende kwa mtaalamu wa lishe.

Basi leo tumeenda. Nimevaa baibui langu zuri. Mtaalamu mwenyewe ni binti wa rika la Nasra. Akaniamkia shikamoo kwa adabu, nikamwitikia marahaba, na kabla hajafungua mdomo nikamweleza mimi ni nani: kwamba harusi za Kariakoo na Ilala nazipikia mimi, kwamba nyumbani kwangu njaa haijulikani, kwa hiyo tatizo litafutwe kwingine. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, jana mchana Nasra alikula nini?"

"Wali, mchuzi wa nyama na mchicha."

"Kiasi gani?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikaacha.

Sisi nyumbani tunakula sinia moja. Tangu kwa mama yangu, tangu kwa bibi yangu. Mkeka, sinia katikati, kila mtu na upande wake, na mimi ndiye navunja nyama na kuwasogezea. Anayekula sahani ya peke yake ni mgonjwa wa kulala, au mtu aliyegombana na wenzake. Sasa utajuaje mtu mmoja kala tonge ngapi?

"Amekula na sisi," nikasema. "Sinia lilirudi tupu."

"Sinia ndiyo, mama. Mimi nauliza Nasra."

Nikamgeukia Nasra. Anatazama mikono yake.

"Upande wangu anaumaliza Salha," akasema taratibu. Salha ni mdogo wake. "Mimi napapasa tu wali, mama, ili usione."

Jamani. Mwanangu amekaa magoti yetu yanagusana, siku zote hizo, anakufa njaa mbele ya chakula changu, na mimi nafurahia sinia tupu.

Yule binti hakunicheka. Akaniuliza napika vipi, nikamtajia yote, samli, tui, kupaka. Akaniambia dawa ile inafanya chakula kikae tumboni muda mrefu, na mafuta mengi yanazidi kukikalisha, ndiyo maana kinarudi.

"Kwa hiyo ninayemtapisha ni mimi?"

"Hapana, mama. Dawa ina kichefuchefu chake. Mafuta yanakiongeza tu, na wewe hukuambiwa."

Alisema kwa upole. Angenigombeza ingeniuma kidogo zaidi ya hapo, lakini ningekuwa na la kumjibu.

Akatueleza kwamba mtu asipokula vya kutosha mwili hauli mafuta peke yake, unakula na misuli, ndiyo maana miguu ya Nasra haina nguvu. Kwa hiyo hicho kidogo kinachoingia kianze na kitu cha kujenga mwili: yai, samaki, kuku bila ngozi, maharage, maziwa mgando. Wali baadaye, kama nafasi ipo. Matonge machache, halafu baada ya muda tena machache. Maji kidogo kidogo mchana kutwa, asijaze tumbo kwa maji wakati wa kula. Akila asilale hapo hapo. Na awe na sahani yake, ndogo, tuone nini kimeingia. Ikifika kesho hakuna kinachokaa, hata maji, tusisubiri, tumrudishe hospitali alazwe.

Mimi nikasema basi sindano iachwe kabisa, yaishe. Nasra akanyanyua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Mama, magoti yangu yamepona. Napanda ngazi. Sitaki kurudi kule."

Binti akasema hilo la kuendelea au kupunguza dozi wataliamua na daktari, ila kwanza ale. Ananiomba nisimrudishe kwenye mwili ambao mimi niliuita tangazo langu.

Jioni nimepika samaki wa chukuchuku. Changu mmoja, maji, chumvi, ndimu, nyanya, basi. Mimi, ambaye watu wananifuata kutoka Kigamboni wanavuka na kivuko kuja kunibembeleza niwapikie, nimepika chakula cha mzazi wa siku ya kwanza. Nikachambua miba, nikaweka vipande kwenye kisosi cha chai, nikakitua kwenye mkeka pembeni ya sinia la wenzake.

Nasra alikitazama kile kisosi, machozi yakaanza kumtoka.

"Mama, mmenitenga?"

Baba yake akasimamisha tonge njiani. Salha akainama. Nilitaka kumweleza habari za misuli na mafuta, lakini alikuwa ameshayasikia yote, alikuwa pale pale. Kisichoelezeka ni huku kukaa na kisosi chako huku wenzako wanagongana vidole.

Nikanyanyuka, nikachukua kisosi kingine kabatini, nikajitilia kipande cha chukuchuku, nikatoka upande wangu wa sinia nikaja kukaa upande wake. Mume wangu akatutazama.

"Sasa hii nyama nani anatuvunjia?"

"Una mikono," nikamwambia. "Vunja."

Salha akacheka mpaka akapaliwa. Nasra naye akatabasamu kidogo, akafuta uso kwa ncha ya khanga yangu, akachukua kipande.

Nitasema kweli, chakula chenyewe hakina ladha. Nimekila nikimtazama mdomo wake. Cha kwanza alikitafuna mpaka nikadhani amekisahau. Cha pili akafumba macho. Cha tatu. Akanywa maji funda moja, akaweka kisosi chini. Kimebaki nusu.

"Nimeshiba, mama."

Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka wenyewe. Maisha yangu yote, mtu akiniambia ameshiba mimi nasikia kwamba anaona haya, namwongezea. Wageni nimewaongezea, maharusi nimewaongezea, hata waliokuja kunidai. Nikaukalia mkono. Nikamwambia haya mwanangu, alhamdulillahi, na neno moja zaidi ya hapo sikulitoa, na halijawahi kunitokea neno gumu kama hilo ambalo sikulisema.

Sasa amekaa sebuleni, ameegemea mto, sijamruhusu alale. Anatazama tamthilia na Salha. Mimi niko hapa jikoni naandika kwa simu, mlango nimeuacha wazi, kila akikohoa kidole kinasimama. Nimeshaenda mara mbili kujifanya natafuta kiberiti. Baba yake ameniambia kaa chini mwanamke, unamtisha mtoto.

Naogopa. Sijawahi kuandika neno hilo hapa. Naogopa kwamba mikono hii, ambayo ndiyo pekee niliyonayo, haijui kumlisha mtoto niliyemzaa mwenyewe. Kisosi kile kinanitisha kuliko sufuria la harusi ya watu mia tano.

Mpaka naandika hapa hajanyanyuka kwenda bafuni. Samaki amekaa.

Asubuhi nitachemsha yai. Moja. Nitalimenya, nitakaa karibu yake na langu, na nitafunga mdomo wangu. Ee Mola, na hilo nalo likae.