Jina la Yusufu na Ukimya wa Stumai

Kijiji cha Iguguno,
Wilaya ya Mkalama,
Singida.

14 Julai 2024

Mpendwa mwanangu Nathan,

Shikamoo uliyoniandikia kwa simu nimeipokea, marahaba. Natumaini wewe, mkeo Stumai na mtoto mu wazima, na kwamba baridi ya Newala haijamwingia mtoto kifuani. Sisi tu wazima. Mama yako mkubwa Redempta analalamikia goti, lakini goti hilo halimzuii kwenda shambani wala kanisani.

Alizeti tumekwisha kuipiga. Mavuno ni ya wastani, kwa kuwa mvua ilikatika mapema.

Ninakujibu kwa barua kwa sababu jambo uliloniuliza halijibiwi kwa vifupisho vya simu. Ulitaka nikupe maana ya jina Yusufu, tena maana yenye uzito, ili umshawishi mkeo akubali mtoto aitwe jina la marehemu baba yako. Mtoto anakaribia miezi mitatu na bado anaitwa Mtoto. Nitakupa maana kwanza, kisha nitakueleza kwa nini haitakusaidia.

Yusufu ni jina la Kiebrania. Maana yake ni "ataongeza" au "aongeze", na anayesemwa ni Mungu. Kwa hiyo ni jina la mzazi anayeshukuru kwa alichopewa na papo hapo anaomba kingine. Wakristo na Waislamu wote wanalo katika maandiko yao. Ndiyo maana katika familia kama yenu, ambayo mama wa mtoto ametoka katika nyumba ya Waislamu, halimtengi mtu.

Kuhusu kuenea kwake, takwimu sina, nasema ninayoyaona. Wazee wa rika langu wanalo wengi. Kwa rika lako lilipungua, kwa kuwa wazazi walianza kuokota majina kwenye televisheni. Sasa linarudi, kwa sababu watoto wanapewa majina ya babu zao. Juzi kwenye mashine ya kukamua, mwenye mashine aliita, "Yusufu, mafuta yako tayari." Wakasimama watatu: fundi cherehani anayeswali msikitini, mzee wa kanisa letu, na mwendesha bodaboda ambaye hata alizeti hakuleta. Mwenye mashine akasema, "Nimemwita mwenye mafuta, sikuitisha mkutano." Yule wa bodaboda akamjibu, "Ukiita Yusufu hapa Iguguno, uandae na viti."

Wingi huo si kasoro. Chumvi imo katika kila nyumba, na sijasikia mtu akiiita ya kizamani.

Sasa nije kwenye kosa lako. Uliandika kwamba Stumai halitaki jina hilo, kwa kuwa kila ukilitaja anatazama chini na kusema jina litapatikana. Hukumuuliza sababu. Ukampigia mama yako na kumweleza dhana yako kana kwamba ni habari. Mama yako, shemeji Agnes, alikuja hapa, akaketi jikoni na kumwambia Redempta, "Kama jina la marehemu linamchefua, mimi nibaki na kuku wangu. Sipandi basi siku mbili kwenda kumwona mjukuu asiyetakiwa kuwa na babu." Ulezi aliokuwa amemfungia mzazi kwa ajili ya uji aliufungua, akaurudisha ghalani.

Redempta hakuridhika na habari ya upande mmoja. Alimpigia Stumai, simu ikiwa kwenye spika, nami nikiwapo.

"Mwanangu, jina la baba yenu lina kasoro gani?"

Stumai akasema, "Mama, halina kasoro. Nitalitajaje? Baba hakunifungua."

"Sasa mwanao ungemwitaje?"

"Ningemwita Baba, kama wanavyofanya wengine. Lakini Nathan anataka nimwite kwa jina, tena mbele za watu. Nikimwambia sababu atanicheka. Atasema mambo hayo yamepitwa."

Wewe ulikulia katika shule za bweni, kwa hiyo nakueleza. Katika ukoo wetu, mke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake mpaka baba mkwe amfungue. Humpa mbuzi jike mbele ya mama mkwe na kumwambia, "Kuanzia leo nitaje." Ulipomleta Stumai, Redempta na shangazi zako walimfundisha hivyo. Marehemu alikwisha kumchagua mbuzi, akawa anangoja mje likizo. Ugonjwa ukamtangulia. Baada ya maziko hakuna aliyelikumbuka jambo hilo, isipokuwa yule ambaye kinywa chake kilibaki kimefungwa.

Redempta sasa anakumbuka kwamba wakati wa msiba tulimtuma Stumai kwa Yusufu fundi kuchukua sare za kwaya. Aliporudi alisema, "Yule wa cherehani hayupo." Tulidhani amesahau jina la mtu.

Kwa hiyo Stumai, binti aliyetoka kwao Mitundu kuolewa kwetu, ameitunza desturi yetu miaka yote hii akiwa peke yake huko kwenye mikorosho, nawe unayelala naye nyumba moja umemwona mkaidi. Utamwomba radhi. Usimwombe kwa ujumbe wa simu, ketini.

Kwa kuwa mimi ndiye kaka mkubwa wa baba yako, nafasi yake katika jambo hili ni yangu. Leo Jumapili baada ya ibada nilimtoa mbuzi jike mweusi mwenye baka jeupe shingoni, mbele ya mama yako na Redempta. Mama yako aliguna. "Shemeji, mbuzi hapandi basi mpaka Newala."

Redempta akamwambia, "Basi mfungue, umpelekee kamba."

 Mama yako akauliza kama mashine ya kusaga inafunguliwa Jumatatu, maana ulezi wake haujasagwa.

Ndivyo itakavyokuwa. Mbuzi atakaa katika zizi la mama yako. Yeye na uzao wake ni mali ya Stumai, si yako. Mama yako anasafiri Alhamisi. Barua hii ninaituma kwa basi linalotangulia lake ili ikukute kabla yake. Akifika, atamkabidhi Stumai kamba na kumwambia maneno ambayo marehemu angemwambia.

Wewe siku hiyo unyamaze. Usimdokeze, usimtangulie, wala usimwambie arudie kwa sauti kubwa ikiwa atalitamka kwa sauti ndogo. Usimsajili mtoto kwa jina lolote kabla ya hapo. Na uelewe vizuri: kinywa kilichofunguliwa kinaweza pia kukataa. Ikiwa baada ya kufunguliwa atasema angependa jina jingine, hayo yatakuwa maneno yake ya kwanza ya hiari juu ya jambo hili, nanyi mtatafuta jingine. Mama yako nimekwisha kumwambia hivyo. Hakufurahi, lakini alikubali.

Mzee Mazengo, baba yake Stumai, nimempigia ili asisikie mambo haya njiani. Alisema, "Yusufu hata huku kwetu wapo. Mimi sina neno, mkwe wangu ndiye aongee na mkewe." Nimeona amesema kweli.

Kaka yako Hosea anakusalimu. Dada yako Janeth anasalimu pia, naye anauliza kama korosho za msimu huu zitafika Singida au zitaishia mdomoni mwako. Wasalimie majirani waliomsaidia mkeo alipojifungua.

Mungu ailinde nyumba yenu, awape kusikilizana kabla ya kuhukumiana.

Msalimie sana Stumai. Msalimie na mwanawe, ambaye mimi sitamtaja kwa jina lolote mpaka nisikie kwamba mama yake amemtaja.

Ni mimi baba yako mkubwa, nikupendaye hata ninapokukaripia,

Yeremia Alute