Bendi Nzima ya Marehemu

Ndugu yangu Kariuki,

Baridi ya Toronto imenichosha mgongo, lakini jana niliona jambo. Kazini tulipanga viti katika ukumbi mmoja mtaa wa Etobicoke, kwenye kumbukumbu ya mzee aliyeongoza bendi ya kantri maisha yake yote, muziki ule ule Baba aliopenda redioni. Tuliagizwa tuweke viti sita jukwaani, vya bendi yake. Wakapanda wazee kumi na magitaa, wakafuata wanawake wenye fidla, kisha vijana. Mkongo ninayefanya naye kazi akanung'unika, "Ndugu, hii ni bendi ao kijiji?" Tukahamisha viti vya chini hadi juu, mpaka wasikilizaji wakawa wachache kuliko wapigaji.

Nikamuuliza mjane kama wote hao walikuwa bendi moja. Akasema, "Wote walimwacha. Alikuwa akimfundisha mtu, mtu anaenda kuanzisha bendi yake." Halafu wakapiga kwa pamoja, nikaduwaa na kiti mkononi.

Basi usiivunje bendi yako kwa sababu Mutua na wenzake wameondoka. Fundisha wengine.

Mungu akutunzie vidole. Nisalimie Mama.

Kaka yako,
Ndung'u