Msiba wa Kamera Kule Vihingo

Marahaba, mjukuu wangu Zawadi. Huku Soga sote wazima, bibi yako anakusalimu.

Unauliza kama yule dairekta wa filamu alikuwa mhuni kweli. Mimi ndiye niliyemwigizia maiti kule Vihingo. Siafu walinipanda mwili mzima na sikutikisika. Majirani waliposikia kilio wakaja na kuni, wakidhani ni msiba wa kweli. Mashemeji wa kwenye filamu walipoanza kumfukuza mjane, mama mmoja jirani akafoka, "Hatoki mtu hapa, labda mnitoe mimi kwanza." Dairekta hakuzima kamera. Wazee walimlaani, eti kawaanika na mila yao ya kufukuza wajane. Mimi namheshimu.

Kaka yangu, babu yako, alipofariki, ndugu zetu walioiona ile filamu walimkumbuka yule mama jirani. Hakuna aliyethubutu kumwambia bibi yako ahame. Likizo utafikia kwake.

Babu yako mdogo,
Athumani