Kuku wa Arubaini ya Shekha

Jumanne, 2 Oktoba 1984

Kuku wameingia kwenye mchicha tena! Juzi tu nimezungushia makuti. Yule mwekundu ndiye kiongozi wao, mwizi mkubwa. Ningekuwa na nafasi ningemtia chunguni leo hii. Lakini hawa ni wa Shekha. Uzazi wa kwanza huwa nyumbani kwa mama, na mwanangu atakunywa supu ya kuku wangu, yenye pilipili manga na tangawizi, mpaka arubaini yake iishe. Tangu aliponiambia ana mimba nawalea kwa ajili hiyo. Mwaka wenyewe wa ukame, sisi tunakula unga wa njano wa msaada na wao wanadonoa makombo yake. Mume wangu Uthman anasema nawapenda kuliko yeye.

Ijumaa, 5 Oktoba

Bi Zuleikha, mama mkwe wa Shekha, ametuma salamu kutoka Mambrui. Eti njia mbaya, mwana asisumbuliwe, azalie huko huko. Na eti huku kwetu Malindi kumekauka, atakula nini? Atakula nini! Nimetupa mwiko. Mchuzi ukaungua, Uthman akaula hivyo hivyo.

Kesho nakwenda Mambrui mwenyewe. Kadzo, jirani yetu, ataniangalizia banda. Kuna kuku mmoja anasinzia mchana, sikupenda. Nimemwambia Kadzo wakianza kulegea wachinjwe upesi, wasife bure.

Jumapili, 7 Oktoba

Bi Zuleikha mkarimu, humkamati kwa neno. Shekha miguu imemvimba. Alininong'oneza jikoni kwamba anataka kuja kwangu. Basi nikasema mbele ya mkwewe, banda zima la kuku linamngoja. Bi Zuleikha akacheka. Akasema haya, Jumatano ataletwa, nisije nikasema nimezuiliwa mwana. Nimeshinda!

Nimerudi. Banda kimya — kideri, ule ugonjwa wa kuku. Wengine wamekufa. Waliobaki Kadzo amewachinja, amewanyonyoa, amewapanga kwenye sinia, wasafi kabisa. Amewachinja yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Kadzo si Mwislamu. Kwetu hawaliki. Nilidhani atamwita Badi wa msikitini aje awachinje, maana mtaa huu ndivyo tufanyavyo siku zote. Nilidhani! Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka nje.

Kadzo hakupandisha sauti. "Mama Shekha, uliniambia wachinjwe. Hukuniambia na nani."

Akabeba sinia lake akaenda.

Jumatatu, 8 Oktoba

Sikulala. Ni kweli sikumwambia.

Sokoni hakuna kuku, kideri kimepita kila mtaa. Kwangu amebaki yule mwekundu tu. Nimemkuta nyuma ya mpapai anaatamia kwa siri, mbali na banda la wenzake. Wizi umemponya!

Nimebisha kwa Kadzo. Kumefungwa. Ameondoka alfajiri kwenda kwao Ganda, wanasema, hakuaga mtu. Amenikasirikia na ana haki. Jioni nimemwagilia mchicha. Hakuna aliyeugusa, na roho inaniuma.

Jumatano, 10 Oktoba

Wamefika. Bi Zuleikha amemleta mwenyewe! Uchungu umemshika Shekha njiani, yuko ndani na mkunga. Bi Zuleikha hakukaa hata kidogo, ameuliza hao kuku wako wapi, awaone. Nimesema wanazurura. Mungu anisamehe.

Uthman ananoa kisu. Ananitazama mimi, anamtazama mwekundu juu ya mayai yake. Sitaki. Lakini mzazi atakunywa nini? Maji yanachemka. Naandika nimesimama.

Hodi ya uani — Kadzo! Vumbi mpaka magotini. Kuku wanne wamefungwa miguu, wanapiga makelele. Hakunisalimu. Amewaweka mbele ya Uthman.

"Wa mama yangu hawa. Wako hai," amesema. "Chinjeni wenyewe."

Bi Zuleikha amesimama mlangoni, anasikia yote. Kadzo ameshageuka aende zake. Nataka nimshike mkono, nimwambie kosa lilikuwa langu — na Shekha ananiita ndani, ananiita