Mdomo wa Bibi

Iringa, 14 Januari 2024

Shikamoo mama. Sisi wazima. Kifua chako kimepoa?

Nimeandika kwa sababu kwenye simu tungegombana. Tangu turudi kutoka kwako huko Soweto, Mbeya, baada ya Krismasi, mjukuu wako Pendo haongei shuleni. Mwalimu ameniita. Kigugumizi alikuwa nacho, mama, lakini alikuwa anaongea. Siku ile ulipomwiga mbele ya wageni, ukasema ni pikipiki inayokataa kuwaka, watu walicheka. Sasa anajibu kwa kichwa tu.

Mwanao,
Tekla

Mbeya, 2 Februari 2024

Marahaba mwanangu. Kifua kimepoa, mvua ndiyo haitaki kupoa. Ndaga, asante kwa vitunguu, vimefika vizima.

Ule ulikuwa utani. Ndivyo nilivyo. Mumeo namwita Gunia kwa ajili ya tumbo lake, amekufa? Mkimdekeza mtoto hivyo atakuwa yai.

Mama yako

Iringa, 20 Machi 2024

Shikamoo mama. Natumaini u mzima. Pasaka hatutakuja.

Tekla

Mbeya, 11 Agosti 2024

Hujambo mwanangu? Mimi ni miguu tu.

Barua yako ya mwisho haikuwa hata na "mwanao". Nilikasirika, nikanyamaza. Juzi sokoni nilimwambia Gloria, ninayeuza naye ndizi, kwamba anatembea kama bata. Akainama, akaanza kupanga ndizi zilizokwisha kupangwa. Miaka yote namwambia hivyo, wala sikuwahi kumtazama usoni.

Nataka kuja. Siahidi kwamba mdomo umepona.

Mama yako

Iringa, 25 Agosti 2024

Shikamoo mama. Pole na miguu. Njoo. Pendo nimemwambia, hakukubali, hakukataa.

Mwanao,
Tekla

Mbeya, 16 Septemba 2024

Hujambo mwanangu? Nimefika salama.

Kuna jambo sikukwambia nikiwa hapo. Ulipokwenda kazini, Pendo alinifuata jikoni. Akaanza, "Bibi, u-u-u..." Akakwama. Maneno yalinijaa mdomoni, si unanijua. Nikaendelea kumenya viazi, nikamsubiri. Alikwama muda mrefu, machozi yakamlenga, lakini hakuondoka.

Mwishowe akasema, "Usinicheke tena."

Nikamwambia, "Sitakucheka, mama."

Akauliza, "Na baba? Hu-hutamwita tena Gunia?"

Hapo nilishindwa kuahidi, Tekla. Nikamwambia nitajitahidi.

Akanitazama kama mwalimu. "Ji-jitahidi sana," akasema, akatoka kwenda kucheza.

Mama yako