Tochi Niliyoing'ata kwa Meno

Mwenzangu, nisikilize. Tochi imelipuka!

Nilikuwa darini naunganisha nyaya, mikono yote ina kazi, tochi nimeing'ata kwa meno. Si unanijua? Ndani nimetia betri mbili za lithiamu, moja mpya, nyingine kuukuu, ganda limechubuka. Kaka yangu alinionya asubuhi, "Dada, usizichanganye hizo, zitakulipukia." Nikamwambia aache woga.

Kwa meno, mwenzangu. Kwa meno!

Ikaanza kupata moto mdomoni, nikapuuza. Ndipo ukapiga simu. Nikaitoa, nikaiweka pembeni nikupokee. Hata hujamaliza kuuliza kama nimekula, ikapasuka kwa kishindo! Kifuniko kikatoboa bati.

Wewe ukadhani nimekukatia simu.

Kila nikifumba macho naihisi ulimini, ya moto.

Na nilipoona ni wewe, nilitaka nisipokee.