Pradhaman ya Mkono wa Tembo

Jumanne, 3 Septemba 2024

Amma kateleza bafuni, kavunjika mkono. Plasta mpaka kiwiko. Na Onam, sikukuu yao ya mavuno, ni Jumapili ya wiki ijayo! Kila mwaka mama mkwe wangu huyu ndiye anayewapikia Wamalayali wote wa Diani, Wahindi wenzake wa Kerala, pradhaman, ule uji mtamu wa ndizi, sukari guru na tui. Wao husema bila huo sikukuu haijaliwa.

Girija, mke wa mwenyekiti wao, alikuja kumpa pole. Nikasema nitapika mimi. Akacheka kwa upole. Usijisumbue, dada Sidi, tutaagiza ya mikebe Mombasa, pradhaman haipikwi na kila mkono.

Haya. Miaka yote hii nimeolewa na Sasi, nimemzalia Amma wajukuu, na bado mimi ni mgeni wa kuosha vyombo. Nimeumia. Nitapika, wapende wasipende.

Jumamosi, 7 Septemba

Jaribio la kwanza. Ndizi za kwao huku hazipatikani, nikachukua mkono wa tembo sokoni Ukunda, mbivu hasa. Nikakata vipande, tui zito juu, iliki, nikafunika. Nikajisifu peke yangu jikoni.

Amma akaonja. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, tamu. Lakini hii ni futari."

Kweli kabisa. Nimepika ndizi za nazi, zile majirani zetu Waislamu kule kwetu Munje walizokuwa wakituletea kila Ramadhani! Mkono ulikwenda wenyewe. Sasi kala bakuli mbili, hana maoni.

Alhamisi, 12 Septemba

Amma kitini, mimi kwenye sufuria. Ndizi zinachemshwa, zinapondwa, zinakaangwa kwa samli na sukari guru ya Ramisi mpaka ziache kushika sufuria. Bega linawaka. Nikipumzika kidogo tu — "Koroga." Halafu tui jepesi. Tui zito mwisho, moto ukishazimwa, la sivyo linakatika. Tangawizi kavu. Vipande vya nazi vya kukaanga.

Ameonja. Kisha machozi. Akasema ni ya mama yake, ila ndizi zetu zina uchachu kidogo, na uchachu huo umeifaa. Nami nikalia.

Sasi akampigia mwenyekiti simu. Jibu limetoka kwa Girija: haidhuru, Sidi apike, lakini ya mikebe ndiyo itakayomiminwa kwenye majani ya mgomba ya wageni, ndiyo sahani zao. Yangu iwekwe pembeni, kwa watoto. Sawa. Tutaonana.

Jumapili, 15 Septemba

Naandika hapa hapa, jikoni mwa ukumbi. Daftari limeingia samli.

Wamekaa safu, kila mtu na jani lake la mgomba. Ya mikebe ikapita kwanza, wakala kwa adabu. Huko pembeni watoto wakaanza kugombania mwiko wangu. Mzee Damodaran, mkubwa wao kwa umri, akauliza kuna nini huko, akaomba aonje. Ikamiminwa kwenye jani lake. Akavunjia papadi ndani, ule mkate mwembamba mkavu, akachanganya kwa vidole, akala, akalamba kiganja. Akamuuliza Amma amepikaje na mkono umevunjika.

Amma akasimama, akajibu ukumbi mzima usikie. "Mimi nilikaa tu. Kapika binti yangu."

Binti! Hakusema mkwe.

Basi safu nzima ikataka. Nimemimina mpaka mkono umekufa ganzi. Mikebe mingine haijafunguliwa hata sasa — mchagua nazi hupata koroma. Nacheka peke yangu kama mwehu, furaha nimeshindwa kuificha, wala sijaribu.

Sufuria imebaki ukoko. Amma anaulinda, anasema ukoko ni wa mpishi, na mpishi ndiye atakayesema apewe nani.

Na Girija huyo mlangoni. Kakunja ncha ya sari, kashika kibakuli. Anamwuliza Amma kama kuna chochote kilichobaki. Amma ananielekezea kidevu mimi.

"Dada Sidi?" anasema Girija.

Nimemwambia asubiri kidogo, namalizia mstari huu —